Cheti Kinachosomeka Ng'ambo ya Kavimvira

Kabla hujalipa hata dola moja, jipe mwezi mzima wa kukusanya matangazo ya kazi. Yako kwenye mbao mbele ya ofisi za mashirika mjini Uvira, yako MediaCongo na ReliefWeb, yako kwenye makundi ya WhatsApp ambako tangazo moja linazungushwa hata baada ya tarehe yake kupita. Chukua tu yale ya Uvira, Baraka, Fizi, Bukavu na Bujumbura. Kwenye daftari, piga mstari katikati ya ukurasa: huku kazi inayotangazwa, huku cheti kilichotajwa kwa jina. Mwezi ukiisha, hesabu. Wauza mafunzo hawatakuambia hili, ila daftari litakuambia: matangazo mengi yanataka diploma, miaka ya uzoefu, Kifaransa kilichonyooka, Kiswahili na Excel. Cheti cha kitaalamu kinatajwa na machache, tena mara nyingi kama jambo la ziada. Hayo machache ndiyo yakuongoze pesa yako iende wapi.

Uvira haina upungufu wa karatasi. Ukikaa siku tatu kwenye semina, unatoka na breve yenye mihuri miwili na sahihi ya mratibu. Ukimaliza miezi mitatu ya Word na Excel kwenye sekretariati ya mtaani, unapata breve nyingine. Sizibezi, kwa sababu zinaonyesha kwamba mtu hakukaa bure. Lakini anayepanga dosye mia moja mezani anajua kuwa breve hupewa kila aliyehudhuria, hata yule aliyesinzia nyuma akisubiri nauli ya kurudi nyumbani. Karatasi ambayo kila mtu anayo haimtofautishi mtu na mwenzake.

Cheti cha kitaalamu kinatolewa na taasisi isiyokujua wewe wala mjomba wako, baada ya mtihani ambao ungeweza kuufeli. Kisha taasisi hiyo inaendelea kumjibu yeyote atakayeuliza kama wewe ni wake kweli. Kwa hiyo, ukiletewa tangazo la mafunzo "yenye cheti cha kimataifa", uliza maswali matatu. Nani ametunga mtihani? Je, kuna waliofeli? Na mtu aliyeko Nairobi au Geneva anaweza kukihakiki cheti hicho kwenye mtandao bila kunipigia simu? Mwenye mafunzo akianza kuzunguka kwenye swali la tatu, mpe mkono wa kwaheri.

Swali hilo la tatu lina uzito wa pekee kwenye ufukwe huu wa ziwa. Mto Mulongwe ulipofurika katikati ya Aprili 2020, nyumba zilikwenda na maji, na makabati yaliyokuwa na diploma za familia nzima yalikwenda nazo. Mwaka 2025 Goma ilianguka vitani mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Mwezi Desemba vita viliifikia Uvira yenyewe, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi na walichoweza kubeba. Anayekimbia na watoto hafungui kabati la karatasi. PMI, taasisi ya vyeti vya miradi, ina daftari la wazi la wenye vyeti vyake, APMG inayosimamia mitihani inalo lake, beji za Cisco za mitandao ya kompyuta zinakaa kwenye tovuti ya Credly, na MikroTik ya ruta inahakiki cheti kwa namba yake. Mwenye cheti cha aina hiyo akifika Bujumbura au Kigoma mikono mitupu, bado anaweza kumwonyesha mwajiri ushahidi kwa simu ya kuazima. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani ya kwanza ya vyeti hivi kwa mtu wa Uvira, na inatangulia hata ile ya mshahara.

Usimamizi wa miradi: usianze na jina kubwa

Pwani hii inaishi kwa miradi. Kutoka Sange na Kiliba hadi Makobola, Mboko na kambi ya Lusenda, utakutana na vibao vyenye nembo za wafadhili, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tazama mradi wa maji ya bomba mjini Uvira: ndani yake kuna shirika la maji REGIDESO, Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na wakfu wa Veolia, na juu yao watafiti wa chuo cha London cha usafi na tiba za kitropiki wanaopima kama maji hayo yanapunguza kipindupindu. Fundi wa mabomba, mhasibu wa mfadhili na mtafiti hawakusoma shule moja. Wanaelewana kwa sababu wote wanajua mpango wa kazi unavyoandikwa, nani anaidhinisha mabadiliko, bajeti inafuatiliwaje na hatari zinaorodheshwa wapi. Vyeti vya usimamizi wa miradi vinapima ujuzi wa lugha hiyo ya kazi.

Chukua hilo la hatari. Vitabu vya usimamizi vinafundisha kuwa na orodha ya mambo yanayoweza kuharibu mradi, na kila jambo liwe na mwenye kulifuatilia na hatua iliyopangwa kabla. Anayejenga ghala karibu na Kalundu bila kuandika kwenye orodha hiyo kwamba ziwa hupanda amejitakia. Mwaka 2024 maji yaliingia mitaa ya ufukweni huku na ng'ambo, Bujumbura, na si mara ya kwanza. Kila mzee wa Uvira anajua mito yetu na tabia ya ziwa. Mafunzo yanakufundisha kuligeuza neno la mzee kuwa mstari kwenye jedwali, wenye gharama na tarehe, mstari ambao mfadhili hawezi kuuruka.

Sasa, cheti gani? Wengi wanataja PMP kwanza kwa sababu ndicho kinachosifiwa. Nakushauri kisiwe cha kwanza. PMP cha PMI ya Marekani kinamtaka mwenye shahada ya miaka minne awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, na mwenye diploma ya sekondari miezi 60. Juu yake kuna saa 35 za masomo, na ada rasmi ya mamia ya dola hata kwa mwanachama. Mtihani una maswali 180 na unaweza kuufanya kwa Kifaransa. Ni cheti kizuri kwa aliyekwisha kuwa msimamizi wa mradi na anatafuta nafasi ya ngazi ya jimbo au ya nje ya nchi. Kwa kijana aliyemaliza chuo juzi, mlango huo bado umefungwa, na anayemwambia vinginevyo anamuuzia ndoto.

Anza na Project DPro, ile iliyokuwa ikiitwa PMD Pro. Imetungwa na PM4NGOs kwa ajili ya miradi ya maendeleo na misaada ya kibinadamu, yaani kazi zilezile zinazotangazwa Uvira. Kitabu chake cha mwongozo kinapakuliwa bure, na kipo kwa Kifaransa. Mtihani wa ngazi ya msingi unasimamiwa na APMG kwa mtandao, na ada yake ni ndogo kwa mbali kuliko ya PMP. Humo utakuta hatua za mradi tangu kutambua tatizo, kuandaa, kupanga na kutekeleza hadi kukabidhi. Utakuta pia mti wa matatizo na fremu ya mantiki, ambavyo utavikuta tena kwenye kila ombi la fedha utakaloshika. Masomo ya bure ya kukuandaa yapo kwenye majukwaa ya Kaya na DisasterReady, na DisasterReady ina masomo mengi ya Kifaransa. Kuna ndugu zake wawili wasiojulikana sana huku, na kwa maoni yangu wanalipa vizuri kuliko sifa zao: MEAL DPro kwa wanaofuatilia na kutathmini miradi, na FMD Pro kwa wanaoshika fedha zake. Mhasibu wa shirika dogo la Mulongwe mwenye FMD Pro anazungumza na mkaguzi wa mfadhili kama mwenzake.

CAPM ni mdogo wa PMP. Hakidai uzoefu, kinadai saa 23 za masomo tu, na kinamfaa anayelenga kampuni za simu au benki zaidi ya mashirika. Mafunzo ya Google ya usimamizi wa miradi kwenye Coursera yanatosheleza saa hizo. Asiye na uwezo anaweza kuiomba Coursera msaada wa ada kwa maandishi, basi andika sababu zako kwa ukweli na kwa urefu unaotakiwa. PRINCE2 kilizaliwa ndani ya serikali ya Uingereza, na mashirika ya Umoja wa Mataifa kama UNOPS na UNDP yanakifahamu vizuri. Ukikiona kimetajwa mara kadhaa kwenye daftari lako, kifikirie. Kama hukukiona, kiache.

Kompyuta: fuata nyaya na takwimu

Upande wa kompyuta, kosa ninaloliona sana ni kusomea kitu ambacho ufukwe huu haukitumii. Kijana anamaliza pesa kwenye cheti cha mifumo mikubwa ya seva za mbali, halafu anarudi kutengeneza printa. Hakuna ubaya kwenye printa, lakini pesa imepotea.

Angalia kazi zilipo. Mashirika, hospitali, shule, hoteli na wauza mega wa mitaani wanahitaji mtu wa kusambaza intaneti kutoka chanzo kimoja kwenda kwa watumiaji wengi bila mmoja kuwanyonya wenzake. Tangu Starlink ipate leseni nchini Mei 2025, haja hiyo imepata sura nyingine, maana antena inafungwa kwa dakika chache, ila kugawa mega kwa ofisi ya watu 40 ni kazi ya fundi. Watoa huduma wadogo wa ukanda huu wanapenda ruta za MikroTik kwa bei yake. Cheti chake cha kwanza, MTCNA, hakipatikani kwa kusoma peke yako: lazima uketi darasani kwa mkufunzi aliyeidhinishwa, kisha upate angalau asilimia 60. Kinadumu miaka mitatu. Mkufunzi akipita Bujumbura, Goma au Kigali, wenye vibanda vya intaneti wafikirie kuchanga na kumtuma mmoja.

CCNA cha Cisco ni kipana na kigumu zaidi, na ada yake ni dola 300. Kinakufungulia milango mingi nje ya Uvira. Ila fahamu mapema kwamba mtihani wake hautolewi kwa Kifaransa, utaufanya kwa Kiingereza. Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, panga mwaka mmoja wa lugha kabla ya kulipa. Wakati huohuo pitia masomo ya Networking Academy ya Cisco, ambayo mengi ni bure na kwa Kifaransa. Chuo kikiwa na darasa rasmi la akademia hiyo, mwanafunzi anayefaulu vizuri anaweza kupata punguzo la ada ya mtihani. Kwa anayetaka kuanza kwa gharama ndogo na kwa Kifaransa, kuna Linux Essentials ya LPI: vitabu vya masomo vinatolewa bure kwenye mtandao, na cheti chenyewe hakiishi muda.

Halafu kuna kazi ambayo vijana wengi wa kompyuta hawaihesabu kuwa yao: takwimu za afya. Kongo inatumia DHIS2 kwa taarifa za afya, na kila kanda ya afya, Uvira, Ruzizi, Lemera, Nundu, Fizi, inapeleka namba zake kila mwezi. Miaka yote kipindupindu hakitoki hapa, na mashirika yanayokipiga vita yanamhitaji mtu anayeweza kutoa ramani na mchoro kutoka kwenye namba hizo kabla ya mkutano wa saa tatu asubuhi. Chuo Kikuu cha Oslo, kilichoanzisha DHIS2, kinatoa somo la misingi bure kwenye mtandao. Ongeza KoboToolbox kwa kukusanya majibu ya uchunguzi na QGIS kwa ramani. Hakuna kati ya hivi chenye jina la kutisha kama CCNA, lakini kama daftari lako la matangazo linafanana na yale niliyoyaona, utashangaa vinavyotajwa.

Jina, kadi na umeme

Hapa ndipo watu wanaangukia, wakiwa wameshasoma kila kitu. Siku ya mtihani msimamizi atalinganisha jina ulilojiandikishia na lile la kitambulisho. Wakongomani tuna nom, postnom na prénom, urithi wa siasa ya Mobutu ya mwaka 1972, na fomu za Wamarekani zina visanduku viwili tu. Ukiweka postnom leo na kuiacha kesho, wewe ni watu wawili. Fungua pasi yako, tazama mistari ya herufi kubwa chini ya ukurasa wa picha, ufuate jinsi ilivyogawa majina yako, herufi kwa herufi. Tumia mpangilio huohuo kwenye kila akaunti: PMI, APMG, Cisco, Pearson VUE, hata barua pepe. Kama huna pasi, itafute kabla ya cheti. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, lakini nyingi za mwaka 2023 zimefutika maandishi, na msimamizi wa ng'ambo hana sababu ya kukuonea huruma.

Malipo yanataka kadi ya Visa au Mastercard. Pesa ya simu peke yake haitoshi kwenye tovuti nyingi za mitihani. Kadi ya kulipia kabla ya Equity BCDC au Rawbank inafanya kazi, ila ijaze mapema na uijaribu kwa ununuzi mdogo. Waliokuwa Bukavu mwanzoni mwa 2025 wanajua maana ya benki kufunga milango. Na usimtumie pesa "ajenti" anayeahidi kukufanyia mtihani au kukupatia cheti bila mtihani. Ukigundulika, taasisi inakufutia cheti, na inaweza kukufungia usirudi kufanya mtihani.

Mtihani wa nyumbani kwa kamera una masharti makali: chumba cha peke yako, meza tupu, asiingie mtu, mtandao usikatike. SNEL ikikata umeme katikati ya swali la 90, hoja yako itasikilizwa na mtu asiyejua SNEL ni nini. Ukiufanyia Uvira, tafuta ofisi yenye betri za sola na mtandao wa pili wa akiba, na ufanye majaribio ya mfumo siku moja kabla kwa kompyuta ileile. Mimi ningevuka mpaka kwenda kwenye kituo cha mtihani. Vituo vya Pearson VUE viko Kigali, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Pitia orodha kwenye tovuti yao ili uone cha karibu zaidi kinachotoa mtihani wako, kabla ya kulipa. Kumbuka Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo usipange safari ya Kigali kwa njia ya zamani ya Bujumbura bila kuulizia hali ya mpaka wiki hiyo. Nauli, malazi na karatasi za kuvuka mpaka wa Kavimvira ziandike kwenye bajeti pamoja na ada, maana wakati mwingine jumla yake inaikaribia.

Pesa hiyo itoke wapi? Si kwa mkopo wa riba. Zamu yako ya likelemba (mchango wa kupokezana) au mgao wa AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa, mwisho wa mzunguko unafaa zaidi, kwa sababu unakupa pia tarehe: zamu yako ikiwa Septemba, mtihani ni Oktoba. Someni watu wanne au watano pamoja, mgawane mega za usiku za kupakua video, na kila Jumamosi mmoja awafundishe wenzake sura moja. Anayelazimika kufundisha hawezi kudanganya kwamba ameelewa.

Andika kazi unazofanya leo

Hata kama PMP iko mbali, anza sasa kuandika daftari la uzoefu. Kwa kila mradi weka jina, mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ulichokuwa ukiongoza wewe mwenyewe, na matokeo yake. Miradi miwili uliyoifanya ndani ya miezi ileile inahesabiwa miezi mara moja tu, usijidanganye. PMI huchagua baadhi ya maombi na kuyakagua, na hapo utatakiwa msimamizi wako wa wakati ule athibitishe. Wakuu wa vituo vya mashirika wanakuja Uvira kwa miezi michache, kisha wanahamishiwa nchi nyingine, na anwani zao za kazi zinazimwa. Kabla mkuu wako hajaondoka, omba cheti cha utumishi chenye majukumu yaliyoelezwa wazi, na barua pepe yake binafsi. Hiyo ni heshima ya kawaida kazini, wala hakuna atakayekuona unajipendekeza.

Na yapo ambayo cheti hakitayafanya. Kuna nafasi Uvira ambazo zina mwenyewe kabla tangazo halijabandikwa, na PMP tatu hazitambandua shemeji wa mtu. Kuna mashirika ya hapa yatakayokusifia cheti na kukulipa posho ileile. Mwenye duka la simu na chaja sokoni hahitaji kimojawapo cha hivi. Na ripoti iliyojaa makosa ya Kifaransa itakuangusha hata ukiwa na beji kumi. Nimewaona watu wenye vyeti vizuri wakishindwa kuandika ukurasa mmoja unaoeleweka kuhusu kisima kilichokauka.

Ukishakipata, kiandike kwenye wasifu wako ipasavyo: jina kamili la cheti, taasisi iliyotoa, namba, mwezi na mwaka wa kupata, mwezi na mwaka wa kuisha, na kiungo cha kukihakiki. Kama bado unasoma, andika kwamba unajiandaa na mtihani wa mwezi fulani, na usiweke herufi za PMP mbele ya jina lako kabla hazijawa zako. Cheti kilichoisha muda kitaje hivyohivyo, na tarehe yake. Weka tarehe za kuhuisha kwenye simu leo: PMP inataka alama 60 za kujiendeleza kila miaka mitatu, CAPM 15, na CCNA nayo inaisha baada ya miaka mitatu. Semina nyingi za bure zinahesabika kwa PMP na CAPM, lakini uziandikishe mwenyewe kwenye akaunti yako, wiki ileile uliyohudhuria.